Miungu Wanaokuja Kuoga: Mizizi ya Filamu za Katuni za Japani

Usiku wa mvua, mgeni anaingia hamamu. Ni rundo la tope linalotembea, kubwa mno, linanuka hata chakula kinaoza mikononi mwa wahudumu. Wafanyakazi wanaziba pua na kukimbia. Kazi ya kumwogesha anatupiwa binti wa miaka kumi, Chihiro, kwa sababu ndiye mgeni kazini na hana pa kukataa. Binti anajaza maji ya dawa, anateleza ndani ya birika, na katika kupapasa kwenye tope mkono wake unagusa kitu kimechomoza ubavuni mwa mgeni kama mwiba. Inaletwa kamba. Hamamu nzima inavuta. Kinachotoka ni usukani wa baiskeli, kisha baiskeli yenyewe, na nyuma yake mlima wa takataka za binadamu. Tope lote likishamwagika unajitokeza uso wa mzee anayecheka, mwili mrefu wa maji unapaa kupitia mlangoni, na hapo ndipo wote wanatambua walikuwa wanamwogesha nani. Alikuwa mungu wa mto.

Filamu hiyo ya Hayao Miyazaki, mwongozaji wa katuni wa Japani, *Sen to Chihiro no Kamikakushi*, ilitoka mwaka 2001, ikapata tuzo ya Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 2002 na Oscar mwaka 2003. Mimi niliiona mara ya kwanza nikiwa na mtoto wa dada yangu, wakati huo ana miaka minane. Yule mgeni wa tope alipoingia, mtoto akanishika mkono: "Mjomba, huyu ndiye shetani?" Nikamjibu ndiyo. Baada ya dakika kumi ikabidi nilirudishe jibu langu. "Basi shetani ni yupi?" akauliza. Filamu ikaisha hatujampata, na nimekaa na swali lake miaka mingi. Kila nilipolifuata lilinirudisha kwenye mambo ya kale ya Japani, na naamini ndilo mlango mzuri kuliko yote wa kuingilia katika filamu hizi.

Tatizo linaanzia kwenye tafsiri. Maandishi ya chini ya skrini huandika "mungu" au "roho" pale ambapo Wajapani wanasema *kami*. Mtu wetu akisikia mungu anamfikiria Muumba, mmoja, aliye juu ya vyote. Kami si huyo. Motoori Norinaga, mwanazuoni aliyeishi kati ya 1730 na 1801, alieleza kwamba kami ni chochote kinachopita kawaida na kumtia mtu kicho: mlima, bahari, mti, mnyama, hata binadamu, awe mwema au mbaya. Wajapani husema kami wako milioni nane, na hawajawahesabu. Ni namna ya kusema hawana idadi. Neno letu lililo karibu zaidi labda ni mzimu, pale linapotaja mahali na mwenye mahali kwa pamoja, kama mbuyu unaofungwa vitambaa au pango linalofukizwa ubani. Lakini mizimu yetu mara nyingi ni ya waliokufa, na kami si lazima awe amewahi kufa. Kwa hiyo nitaliacha neno hilo kama lilivyo.

Njia hii ya kuishi na kami huitwa Shinto. Haina nabii, wala kitabu kimoja chenye amri. Ina visa vya kale, na mkusanyo mkongwe wa visa hivyo uliopo leo ni *Kojiki*, ulioandikwa mwaka 712. Kimoja kinahusu Izanagi, aliyemfuata mkewe aliyefariki, Izanami, mpaka nchi ya wafu. Mke akamwambia amechelewa, kwani yeye ameshakula chakula cha huko, na aliyekila harudi. Izanagi akamtazama alipokatazwa, akauona mwili umejaa funza, akakimbia. Alipofika juu akaingia mtoni kujisafisha na uchafu wa mauti. Alipoosha jicho la kushoto akazaliwa Amaterasu, jua. Jicho la kulia, Tsukuyomi, mwezi. Alipoosha pua akazaliwa Susanoo, mwenye tufani.

Jua lenyewe lilizaliwa mtu akinawa uso! Nilipokisoma kisa hiki niliirudia filamu ya hamamu nikaiona upya. Katika Shinto neno zito ni *kegare*, uchafu unaomganda mtu au kitu kutokana na mauti, maradhi na maafa. Dawa yake ni kuoshwa. Mbele ya mahekalu yao kuna birika la maji na vikombe vyenye mpini mrefu. Anayeingia hunawa mikono na kusukutua kinywa. Msomaji aliyelelewa karibu na msikiti, akiona watu wakitia udhu, hahitaji kuelezwa sana kwamba maji yanaweza kufanya kazi inayozidi kuondoa vumbi. Dini ni mbili tofauti, lakini mikono inalielewa jambo kabla ya kichwa.

Wala hamamu ya kami haikubuniwa mezani. Katika vijiji vya milimani vya Nagano, majira ya baridi, ipo sherehe ya Shimotsuki ambapo wenyeji huchemsha maji kwenye vyungu vikubwa na kuwaalika kami waje kuoga. Nayo ile baiskeli Miyazaki aliitoa maishani mwake: aliwahi kushiriki kusafisha mto wa karibu na kwake, na humo mlikuwa na baiskeli. Chakula cha Izanami kimo pia, kimegeuzwa: Chihiro anaanza kufifia kama moshi katika ulimwengu ule, na lazima ale kitu cha huko ili asitoweke.

Kuna jambo moja humo ambalo Kiswahili kinalieleza vizuri. Jina Chihiro huandikwa kwa herufi mbili za picha. Ya kwanza ni elfu. Ya pili, *hiro*, ni kipimo cha kale cha mikono miwili iliyonyooshwa, yaani pima ile ile ambayo mabaharia na wavuvi wetu hupimia kina cha maji. Jina lake ni Pima Elfu, kina kisicho na mwisho. Mwenye hamamu, Yubaba, anapomwandikisha kazi anainyofoa herufi ya pili kwenye mkataba na kumwachia ile ya elfu peke yake, ambayo ikiwa peke yake husomwa Sen. Binti anaingia kazini amepokonywa kina, amebakiziwa namba. Rafiki yake Haku naye amelisahau jina lake; mwishoni tunajua kwamba ni kami wa mto uliofukiwa ili zijengwe nyumba za kupanga. Hana pa kurudi, maana mto wake haupo.

Sasa turudi kwa shetani wa mpwa wangu. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1997, Miyazaki alitoa *Mononoke Hime*. Inaanza na nguruwe mwitu mkubwa akivamia kijiji, mwili umefunikwa na kitu kama nyoka weusi wanaochemka. Kijana Ashitaka anampiga mishale ili kukiokoa kijiji, na mkono wake unashikwa na laana. Nguruwe yule anapokata roho, bibi mwenye hekima wa kijiji anafika, anapiga magoti na kuinamisha kichwa mbele yake. Anamwahidi kwamba watamjengea kilima pale alipoangukia na kumfanyia ibada, na anamsihi asiwachukie. Yaani kiumbe aliyetaka kuwaua anaombwa radhi. Kisha ndani ya mzoga inaonekana risasi ya chuma iliyokuwa ikimla mifupa. Alikuwa kami wa msituni, na hasira haikuwa tabia yake.

Ukiziweka filamu hizo mbili pamoja utaona ni kisa kimoja. Huku risasi, kule baiskeli. Kitu cha binadamu kimeingia katika mwili wa kami, na kami amegeuka wa kutisha.

Japani imewahi kumwomba radhi aliyegeuka wa kutisha namna hiyo, katika historia yake iliyoandikwa. Sugawara no Michizane alikuwa msomi na waziri, akasingiziwa, akahamishiwa Dazaifu, mbali na mji mkuu, mwaka 901 na kufia huko mwaka 903. Baadaye waliomchongea walianza kufa, na mwaka 930 radi ikapiga kasri la mfalme na kuua maofisa. Watu wakasema ni Michizane. Hawakumfukuza kama pepo. Walimrudishia cheo chake na kumjengea hekalu Kitano, mjini Kyoto, na leo anaitwa Tenjin, kami wa elimu, ambaye wanafunzi humwendea kabla ya mitihani. Aliyetisha kwa kudhulumiwa alitulizwa kwa kupewa heshima, na sasa analinda watoto wa shule. Anayeijua habari hii hashangai kwa nini Miyazaki mara nyingi hawaangamizi maadui mwishoni mwa filamu zake.

Nasikia mara nyingi ikisemwa kwamba kwa sababu hiyo filamu hizi hazina wema na ubaya. Mimi sikubaliani. *Mononoke Hime* inaonyesha wazi nani aliyepiga risasi: Bi Eboshi, mkuu wa mji wa kuyeyushia chuma, anayekata msitu apate mchanga wenye chuma na kuni za tanuri. Lakini huyo huyo Eboshi amewakomboa wanawake waliouzwa kwenye madanguro, na anawatunza wenye ukoma kwa mikono yake wakati wengine wote wamewakimbia. Dhambi ipo na ina mwenyewe. Kisichokuwapo ni mtu ambaye ukimuua yeye tatizo limekwisha, na hilo ni gumu zaidi kulitazama.

Upande wa upole wa imani hiyo uko kwenye *Tonari no Totoro* ya mwaka 1988. Mkafuri mkubwa umezungushiwa kamba nene ya majani ya mpunga, iitwayo *shimenawa*, alama kwamba hapo pana kami. Baba na binti zake wawili wanasimama mbele ya mti, wanainama, wanaushukuru kwa kumtunza mtoto mdogo. Mvua inapowakuta njiani, watoto wanajikinga kwenye kibanda cha Jizo, mlinzi wa watoto na wasafiri, na wanamwomba ruhusa kwanza. Jizo ni wa Kibudha, si wa Shinto. Wajapani wameziishi dini hizo mbili pamoja kwa karne nyingi bila kuona haja ya kuchagua. Mama wa watoto amelazwa hospitali, na filamu haikuambii neno kubwa kuhusu hofu yao. Wanasubiri basi usiku, matone yanadunda kwenye mwavuli, basi. Miyazaki aliwahi kumweleza mhakiki Mmarekani Roger Ebert kuhusu *ma*: alipiga makofi mara kadhaa, akasema muda ulio kati ya kofi na kofi ndiyo ma. Mtazamaji aliyezoea katuni zinazokimbia mwanzo hadi mwisho huona hapo hakuna kitu. Mpe filamu ya pili, ya tatu. Atakuja kukusimulia kituo kile cha basi kabla ya jambo lolote lingine.

Hiyo ndiyo mizizi ya kiroho. Ya sanaa yenyewe, ya kusimulia kwa picha, inapita kwingine. Hekalu la Kozan-ji, Kyoto, linamiliki michoro ya karne ya 12 na ya 13 ya sungura, vyura na nyani wakipigana mieleka, wakiogelea, wakifanya ibada kama watu. Imechorwa kwenye makaratasi marefu yanayokunjwa, na msomaji hufungua upande wa kushoto huku akikunja wa kulia, hivyo picha hupita mbele ya macho yake kidogo kidogo. Isao Takahata, mwenzake Miyazaki, aliandika kitabu kizima mwaka 1999 kuonyesha jinsi makaratasi ya karne ya 12 yalivyokwisha kugundua mbinu za filamu ya katuni.

Karibu nasi zaidi ni *kamishibai*, tamthilia ya karatasi. Katika miaka ya 1930, ajira zilipokuwa haba, wanaume walizunguka mitaani na baiskeli yenye sanduku la mbao nyuma. Anagonga vibao viwili, watoto wanakusanyika, anawauzia peremende, kisha anasimulia kisa akivuta picha moja baada ya nyingine, sauti zote akizifanya yeye, na anakatiza pale panaponoga ili warudi kesho. Televisheni ilipoingia iliitwa kwanza *denki kamishibai*, yaani kamishibai ya umeme. Na kwenye majumba ya sinema za kimya alikuwapo *benshi*, msimulizi aliyesimama kando ya skrini akiwasemea waigizaji. Wengine walipendwa kuliko nyota wa filamu zenyewe. Aliyekaa kwenye kibanda umiza Dar es Salaam akimsikiliza Lufufu, au aliyemfuata DJ Afro Kenya, ameuonja utamu huo: filamu ya wageni inakuwa yako kwa ajili ya sauti moja ya nyumbani.

Katuni za kwanza za Kijapani zilionyeshwa mwaka 1917, na haifai kudai kwamba zilichipuka kwenye makaratasi ya Kozan-ji peke yake. Waanzilishi walikuwa wamezitazama katuni za Ulaya na Marekani. Kampuni ya Toei ilipotoa *Hakujaden* mwaka 1958, filamu ndefu ya kwanza ya katuni ya rangi Japani, kisa kilitoka China na ndoto ilikuwa kuwa Disney ya Mashariki. Miyazaki aliiona akiwa mwanafunzi wa sekondari, ikamgeuza moyo. Mti mkubwa haunywi kisima kimoja.

Mwaka 1963, siku ya kwanza ya Januari, mchora katuni Osamu Tezuka alianza kurusha kwenye televisheni *Tetsuwan Atom*, mtoto wa chuma mwenye moyo. Fedha zilikuwa kidogo na kila wiki kilihitajika kipindi kipya. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde. Tezuka aliuacha mchoro mmoja ukae picha tatu au zaidi, akachezesha mdomo tu na mwili ukatulia, akatunza michoro ya zamani na kuitumia tena. Ule utulivu wa anime, yaani katuni za Kijapani, uso uliosimama na nywele zinazopepea, ulianza kama umaskini ukawa lugha. Ndiyo njia iliyolisha vipindi vingi vya televisheni ambavyo vijana wetu wanavifuata leo kwenye simu. Miyazaki na Takahata walitaka kuchora kila kitu, na mwaka 1985 studio yao ilianzishwa kwa jina Ghibli. Hapa nilipata furaha isiyotarajiwa: Ghibli ni jina ambalo Waitaliano walilichukua Libya kwa upepo wa moto wa jangwani, wakaipa ndege yao. Kwa Kiarabu ni upepo wa upande wa kibla. Neno tunaloelekea tukisali limeandikwa mwanzoni mwa filamu hizi, ingawa Wajapani hulitamka Jiburi.

Lipo donda la Vita vya Pili vya Dunia ambalo bila kulijua filamu nyingi hazieleweki. Aprili 1945, Tezuka akiwa na miaka 16, aliingia sinema Osaka kutazama katuni ndefu ya Momotaro, yule shujaa wa ngano aliyezaliwa ndani ya pichi, safari hii akiongoza wanyama kupigana na wazungu. Jeshi la majini ndilo lililoilipia. Mji ulikuwa umeshachomwa kwa mabomu. Tezuka alilia kwa uzuri wa michoro, akaapa kuja kutengeneza za kwake. Takahata naye alikuwa na miaka tisa Juni 1945, Okayama ilipounguzwa, akakimbia usiku kati ya moto. Mwaka 1988 alitoa *Hotaru no Haka*, iliyoonyeshwa pamoja na *Totoro* kwa tiketi moja. Ni kisa cha kijana na mdogo wake wa kike baada ya Kobe kuchomwa, kilichotokana na hadithi ya Akiyuki Nosaka, ambaye dada yake mdogo wa kulelewa alikufa kwa njaa. Kopo la peremende analolibeba yule mtoto linaishia kubeba mifupa yake. Usimwekee mtoto mdogo kwa sababu tu ni katuni. Itazame wewe kwanza, usiku ambao kesho yake huna haraka.

Na nchi yenyewe haikutulia. Tarehe 11 Machi 2011, saa 8 na dakika 46 mchana, bahari ya kaskazini mashariki ilitetemeka. Tsunami ikaua au kupoteza watu zaidi ya 18,000. Filamu ya Makoto Shinkai ya mwaka 2022, *Suzume no Tojimari*, inalitaja tukio hilo waziwazi. Katika mahame ya Japani kuna milango inayofunguka, na humo hutoka mnyoo mwekundu mkubwa kama mawingu, ambao ukianguka ardhi inatikisika. Shinkai ameutoa kwenye imani ya zamani ya mnyama wa chini ya ardhi, mara nyingi kambare, anayekandamizwa na jiwe. Jiwe la namna hiyo lipo katika hekalu la Kashima. Mlango haufungwi kwa nguvu tu. Anayefunga lazima afumbe macho na kuwasikiliza watu walioishi pale, kisha airudishe ardhi kwa kami wake.

Mlango wa mwisho uko kwao Suzume mwenyewe, binti anayeifunga milango hiyo, pwani iliyofagiwa, ambako alimpoteza mama. Anafumba macho, na zinamjia sauti za asubuhi ya siku ile. Watu wanaamkiana, wanakaribishana chakula. Mmoja baada ya mwingine wanaaga mlangoni kwa neno *ittekimasu*, ambalo ukilifasiri neno kwa neno ni "naenda, kisha nije", na walio ndani wanawajibu: nenda, urudi.